Kofia ya Kipara

Bloa ilifika Tandahimba juu ya bodaboda,
imefungwa mpira mweusi kama mgonjwa anayekataa kulazwa,
njano ya salfa imemjaa mashavuni.
Nyuma yake Bi Somoe wa Mahuta,
khanga bado imezunguka pua.
Hakunisalimu. Alinyoosha kidole:
"Hiyo."

Bolti nne hushika nyumba ya feni.
Tatu zilitoka kwa adabu,
spana namba kumi, kwii, kwii, kwisha.
Ya nne ilikuwa kipara.
Pembe sita ilizozaliwa nazo
zimelika kama kipande cha sabuni mwisho wa mwezi.
Spana ikikaa, inateleza,
ikiteleza, inanichuna kidole,
na damu inaonja salfa.

"Nani kaichezea hii?" nikafoka,
tunavyofoka mafundi wote
tukikuta kazi ya fundi mwingine.
"Mtu kakosa namba kumi, kaenda na plaizi.
Ona alama za meno yake."

Bi Somoe akashusha khanga.
"Mwaka jana, mwezi wa saba.
Ulikuwa na haraka, unawahi mpira Newala.
Plaizi yenyewe ile pale, ya mpini mwekundu."

Dadi, kijana wangu wa kazi,
ghafla akakumbuka kufagia.

Basi sikusema tena.
Brashi ya waya kwanza. Chini ya kutu njano,
chini ya njano kutu tena,
misimu mitatu imelala humo bila shuka.
Dizeli, matone manne, shingoni mwa bolti.
Moto sikuthubutu: tangi lina petroli,
na salfa husubiri cheche tu.
Tukangoja. Bi Somoe akahesabu kwa sauti
mikorosho yake mia na kumi na miwili
iliyokwisha kutoa maua,
na ubwiri unga, alisema,
haumngoji fundi anywe chai.
Nikaiacha chai.

Kwenye droo ya chini ninayo soketi moja.
Niliinunua Masasi kwa pesa
niliyosema nyumbani nimelipia bati.
Kwa nje ni kofia ya chuma kama nyingine.
Ndani ina meno yaliyopinda kushoto.
Haitafuti pembe. Pembe hazipo, nayo inajua.
Inauma kilichobaki.

Nyundo: ta. Ta. Ta.
Mpaka mlio ukawa mnene,
hapo ujue imekaa.
Kisha kushoto. Si kwa hasira,
hasira ndiyo iliyoleta plaizi.
Kwa uzito wa bega tu,
na bolti ikikataa, meno yanazama zaidi;
kukataa kwake ndiko kunakoishikisha.

Haikutoka.

Nikarudi kulia kiasi cha unywele,
kushoto tena, kulia, kushoto,
kama kumwamsha mtu bila kumgutusha.
Dadi aliacha ufagio.
Kisha: krrk.
Nikadhani imekatika. Kila fundi hudhani imekatika,
moyo unashuka mpaka kwenye malapa.
Lakini mkono ulikuwa unaenda,
uzi baada ya uzi,
kila mzunguko ukitema vumbi la njano,
hadi ikaja nzima kiganjani,
ina joto kama yai.

Bolti mpya nilimpa bure.
Spana namba kumi alinipokonya.
"Vidole kwanza," nikaanza, "mpaka ikubali yenyewe, ndipo..."
"Najua," akasema.
"Mwaka jana nilikutazama usivyofanya hivyo."

Akaikaza. Akavuta kamba mara mbili,
bloa ikakohoa, ikanguruma,
kuku wa jirani wakahama mtaa.
Bodaboda ikageuka kuelekea Mahuta
na wingu dogo la njano nyuma yake.

Ile ya zamani imebaki ndani ya kofia,
meno hayajaiachia.
Dadi anataka kuigonga itoke.
Nimemwambia asubiri kesho.
Leo ikae hapo mezani na kipara chake,
mimi na plaizi tuitazame.