Gari la Juu ya Matofali

Gari letu lina miaka mitatu halijatoka uani.
Limekalia matofali. Matairi tuliyauza,
mawili kwa fundi wa Chikongola, mawili sikumbuki,
na kuku wa Somoe, jirani yetu,
anatagia kwenye kiti cha dereva.

Tulilinunua msimu ule korosho zilipopanda bei.
Chande alirudi kutoka Tandahimba na mfuko wa rambo,
noti bado zinanuka salfa.
Jioni ile tukazunguka mji mzima bila shughuli,
Shangani, bandarini, Magomeni, tukarudi,
tukakizunguka kipilefti mara tatu
ili watu watuone vizuri,
nami kiwiko nimekitoa dirishani
kama mke wa mkuu wa wilaya.

Msimu uliofuata bei ikalala.
Kwanza tukaacha kwenda nalo sokoni.
Kisha tukaacha kwenda nalo misibani.
Mwishowe ikawa tunaliwasha Ijumaa tu,
lisije likasahau sauti yake.

Mimi ni wa maabara, Ligula.
Kutwa nahesabu chembe za damu, usiku nahesabu shilingi.
Bajaji ya kuchangia kutoka Mkanaledi, mia tano,
ukiwa na subira ya kungoja watimie.
Bodaboda elfu moja; mvua ikidondoka, dereva anataka na nusu yake,
na ukishuka kitambaa kimehamia shingoni.
Miguu wanasema ni bure.
Waulize fundi viatu.

Nimeujua mji huu kwa milio.
Ile inayokohoa kabla ya kupanda kilima ni ya Mfaume.
Ile isiyo na mlio ni ya kijana wa Chuno,
anazima injini kwenye mteremko, anabana mafuta,
nasi abiria tunateleza kimya kama maiti wenye haraka.

Masika haya mama alibanwa kifua, saa nane usiku.
Chande akakimbilia uani.
Nilisikia mlango wa gari unafunguliwa,
nikasikia mayai yanavunjika,
halafu sikusikia kitu.
Betri tulishaiuza.
Alikaa tu pale, mikono kwenye usukani.

Nikampigia Mfaume.
Alikuja na kandambili, shati kaligeuza,
tukamlaza mama nyuma, kichwa mapajani mwangu,
miguu ikachungulia nje kwenye manyunyu.
Nikaivua kanga ya juu nikaifunika.
"Pesa utaleta mwisho wa mwezi," alisema Mfaume,
"mgonjwa habebwi kwa risiti."

Chande alitufuata kwa miguu.
Alipofika mama alishawekewa oksijeni,
na suruali ya mume wangu, kuanzia makalioni hadi magotini,
ni ute mtupu.
Hakuna aliyecheka.
Mama ndiye aliyecheka, asubuhi, alipopata pumzi ya kuchekea.

Wiki hiyohiyo wakaja wanunuzi.
Injini ikaenda Masasi. Milango ikaenda Mikindani.
Bodi akaichukua mtu wa chuma chakavu, kwa kilo,
huku Chande ameangalia ukutani.
Somoe akakiomba kiti, kuku wake amekizoea.
Tukampa.

Leo, saa kumi na mbili na nusu,
nimesimama barabarani na kapu langu la chakula.
Ikaja bajaji ya kijani, ya mkataba,
nailoni haijabanduliwa vitini.
Mgongoni imeandikwa kwa rangi nyeupe, herufi zimepinda:
MAYAI YALIVUNJIKA.

Dereva akatoa kichwa. "Wapi, mama?"
Midomo kaibana, asicheke.
"Ligula."
"Mia tano."
"Nina elfu kumi. Una chenji?"
Hana. Tangu nimwoe hajawahi kuwa nayo,
ndiyo, nimesema nimwoe, na mahari nusu nilichanga mimi.

Nikapanda. Kando yangu mwalimu mwenye rundo la madaftari,
na mzee wa ndoo ya pweza anayelalamikia nauli.
Hawajui chochote.
Tulipofika kipilefti nikashika bomba, nikangoja.
Akazunguka mara moja tu,
akakata kushoto.