Kuwapa Mgongo Walarasi

Saa nne za usiku, na jua bado limesimama mlangoni
kama mgeni asiyejua kuaga.
Boti ya mpira inakwaruza changarawe.
Wanashuka, makoti mekundu ya kampuni,
nami nawashika kiwiko, si kiganja:
kiganja huteleza.
Nahesabu watu kwa sauti. Nahesabu risasi kimoyomoyo.
Kumi na wawili.
Tano.

"Msiongee. Msikimbie. Asinipite mtu, asibaki mtu."
Kisha nanyoosha kidole: kule, kwenye ulimi wa mchanga,
wamelala.

Nami nageuka.

Ndiyo kazi. Wao watazame maji, mimi nitazame mlima,
kwani dubu mweupe haji kwa upande unaopigwa picha.
Misimu kumi na minne huku Svalbard
nimewapa walarasi mgongo.
Husemwa macho hayana pazia.
Yangu yanalo; mshahara ndio uliolishona.

Nawajua kwa pua: zizi, chumvi, samaki wa juzi.
Nawajua kwa sikio: mkoromo wa walevi,
pembe zikigongana kama vikombe ndani ya beseni.
Na nawajua kwa nyuso za wanaorudi,
kama yule daktari wa meno wa Graz, mwaka juzi,
kinywa wazi toka ufukweni hadi melini,
na hakuna wa kumwambia afumbe.

Jiwe. Theluji. Jiwe. Theluji.
Jiwe jeupe
limesogea?
Hapana. Kivuli cha wingu kimepita.
Moyo ulikwisha kupanda ngazi zote;
sasa unashuka polepole, umeshika ukuta.

Leo mmoja hakutazama walikotazama wenzake.
Bibi Wiebrigje, miaka themanini na mmoja,
alikuja na fimbo zake mbili za alumini
akasimama ubavuni mwangu, akaukabili mlima.
"Unaona nini?"
"Sioni kitu, mama."
"Na ukikiona?"
"Nitaomba nisikione."
Nikamwambia arudi, safari hii si ya bei ya karanga,
akatazame alichokilipia.
Akasema: "Nilikuwa nesi wa zamu ya usiku,
miaka thelathini na mitatu.
Kungoja kisichokuja nakujua. Hukaa kwenye nyonga."

Tukaungoja pamoja, huo utupu,
baridi ikitutafuna vidole vya miguu kwa zamu,
yake, yangu, yake.
Halafu akaanza kugeuza shingo na kuirudisha,
kuigeuza na kuirudisha,
akininong'onezea kama mtu anayeibia mwenzake mtihani:

"Kuna mmoja amevunjika pembe ya kushoto.
Kuna mwingine anajikuna kwapa, bila haya,
marehemu mume wangu mtupu, Jumapili asubuhi.
Kuna mtoto kamlalia mama, mama kamlalia shangazi,
shangazi kalilalia jiwe,
na jiwe halijalalamika."

Nilicheka.
Nikicheka macho yangu hufumba, nimerithi kwa baba.
Nusu sekunde, labda pungufu.
Nilipoyafumbua nikayahesabu upya mawe ya mlima mzima,
moja moja, mikono ikinitetemeka ndani ya glavu,
wala sikumtazama tena yule bibi
mpaka nahodha alipoita kwenye redio.

Kiwiko. Kiwiko. Kiwiko.
Kumi na wawili.
Tano.
Meli ikawameza na taa zake na supu yake ya uyoga.

Nyumbani Longyearbyen nikavua viatu kizingitini.
Prasert alikuwa jikoni, anakatakata tangawizi.
Kila nikirudi huniuliza, "Umeona nini leo?"
nami hujibu, "Sikuona kitu,"
naye husema, "Vizuri," akaendelea kukata.

Leo aliuliza.
Nikakaa kwanza, nikajifuta pua.
"Kuna mmoja," nikamwambia, "amevunjika pembe ya kushoto."

Kisu kikasimama.