Ngazi ya Orofa ya Nne

Mimi ndiye niliyeichora. Orofa tano,
baraza mbele, kuta zilizonyooka kama rula,
na paa la kufunga yote, kama kifuniko cha sufuria.
Zimmerman, ploti ya pembeni, karibu na kinu cha unga.
Bi Kemunto alilipa nusu. Nusu ya pili
ililiwa na hospitali.

Miaka tisa sikupita hapo.
Leo nimepita, nikijua nakwenda kuiona aibu yangu:
nondo zimesimama juu ya orofa ya tatu
kama nywele za mtu aliyeamshwa na simu ya usiku,
zina kutu, na kuna aliyezivika
chupa za plastiki vichwani, zisichome watoto.

Fundi Musembi bado yupo, nambari nane,
kodi yake inakatwa kwenye deni analodai.
"Ukuta huu," akanionyesha, "ulikosana na timazi
kwa vidole viwili. Siku hiyo mke wangu
alikuwa Pumwani, anajifungua.
Nilitaka kuubomoa baadaye. Lakini binti mwenyewe
alijifunza kusimama akiuegemea."

Nikauwekea kiganja. Mawe ya Ndarugu,
hayakupigwa lipu, alama za patasi zingali wazi;
jua la saa kumi linaingia katika kila kovu
na kutoka na kivuli kidogo.
Kwenye karatasi yangu ukuta huu ulikuwa mweupe.
Sikujua nilikuwa nafuta.

Halafu ngazi. Inapanda orofa ya nne
ambayo haipo.
Vidato kumi na vinne, kisha mawingu.
Sukuma wiki kwenye ndoo ya rangi,
mvulana na hesabu zake za sehemu,
wanawake wawili wanaosukana, mmoja anacheka mpaka kitana kinaanguka.
Kidato cha juu hakikaliwi.
Ni cha Bi Kemunto, akija kuangalia mji.

"Mwakani tutapandisha," husema, kila mwaka.
Hakuna anayembishia.
Wala hakuna anayehamisha ndoo.

Ng'ambo ya barabara kuu lipo jengo la vioo,
limekamilika. Sina neno nalo.
Linajitazama tu. Ndege hujigonga pale.

Usiku nikaitandaza ramani ya zamani,
nikachukua kifutio. Paa likaondoka.
Nikaacha mistari imesimama wima, haikubeba kitu,
na pale kwenye kidato cha tatu
mkono ukasita,
nikachora ndoo.
Kipimo: lita ishirini.