Taa ya Ushorobani

Usiku wangu wa kwanza kazini, Brandon, Manitoba,
Bibi Halyna Woloshyn alinipa masharti matatu:
dawa ya presha saa nne, si saa tano;
paka asilale jikoni;
na taa ya ushorobani isizimwe.
Nikadhani ni uzee, au hofu ya kuanguka.
Umeme si wangu. Nikanyamaza.

Tarehe kumi na moja Novemba nilimsukuma kwenye kiti chake
hadi mnarani, juu ya theluji ile kavu
inayolia kama unga wa muhogo ukibanwa mkobani.
Majina yamechongwa kwa herufi za kiserikali,
zote kimo kimoja, kama wanafunzi mstarini.
Woloshyn, T. ni wa mwisho, chini kabisa;
mwaka wa theluji nyingi hamfikii.
Akaniambia nimpanguse.
Nikavua glavu. Jiwe likaninasa vidole.

Meya alisema shujaa. Kasisi akasema shujaa.
Kijana wa skauti, pua inavuja, akasoma karatasini: shujaa,
akapoteza mstari, akarudia: shujaa.
Mpiga tarumbeta alikuwa ameuficha mdomo wake kwapani usigande,
na hata hivyo sauti ya juu ikampasukia.
Tukanyamaza dakika mbili.
Lori moja halikuwa na habari, likapita.

Njiani kurudi, nikitafuta la kumfariji,
nikampa methali niliyoisikia Tanga
siku barua ya mjomba Shekue ilipofika kutoka vitani,
nami nina miaka sita, nimeshika kata ya maji:
kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.
Nilimfasiria polepole. Kiingereza changu kina kokoto.
Hakujibu hadi tukapita nguzo tatu za taa.
Kisha: "Huyo mwoga, yeye yu hai?"
Yu hai, nikasema. Ndiyo maana kwao wanacheka.
"Basi mimi ningetaka kicheko."

Miaka yote hiyo nimeibeba methali ile
kama noti ya zamani,
sikuwahi kuigeuza nione upande wa pili.

Nyumbani akaomba chai, akasema.
Taras aliogopa giza. Si utotoni tu.
Ana miaka ishirini na mbili, sare imepigwa pasi, buti ziko mlangoni,
bado alimwita kutoka chumbani: Mama, usizime.
Kandahari, alimwandikia, usiku hauna hata taa ya jirani.
Gari la mbele lilipolipuka
redio ikasema msisogee, subirini kupambazuke.
Mtu alikuwa akiita kutoka shimoni.
Hakuita jina la Taras. Aliita tu.
Akaenda. Mita thelathini za giza, kwa tumbo.
Mama alizipima baadaye, hapa mtaani,
kutoka lango lake hadi sanduku la barua la kina Fehr.
Aliyeitikiwa anauza matairi Regina;
huleta asali kila Krismasi
na hawezi kumtazama mama usoni.

"Niliwaambia waliseme hilo la giza," akasema.
"Wakaona litamshusha."

Litamshusha!
Simba akiingia gizani anaingia kwake.
Huyu aliingia kwa watu.

Juma lililofuata, saa tisa usiku, balbu ikaungua.
Nyumba ikawa shimo. Bibi alikuwa usingizini.
Nikapapasa ukuta, nikahesabu hatua,
nikagonga goti kwenye kabati, nikasali kidogo, sioni haya kusema.
Droo ya tatu jikoni: kasha la balbu, wati arobaini,
alizozinunua kwa jumla, mwanamke wa miaka themanini na moja.
Nikapanda kiti, nikafunga moja. Ikawaka.
Paka akanitazama kama mwizi.
Zilizobaki nilizihesabu. Ishirini na tatu.