Orodha ya Taisto

Saa nne asubuhi hapa Oulu, Januari,
ndipo theluji na mbingu zinaanza kuachana rangi.
Seva ya majaribio imegoma tangu usiku:
diski imejaa, yasema, hata nukta haina pa kulala.

Nikafungua folda ya vitu vya muda.
Faili elfu sitini na moja,
majina yenyewe tarakimu tupu.
Nikachukua moja, nikaisoma:

maziwa
mkate mweusi
betri za redio
mchanga wa kumwaga ngazini

Nikachukua nyingine. Maziwa. Mkate mweusi.
Nikashuka chini kabisa, ya miaka minne nyuma.
Betri. Mchanga.

Jaribio hili aliliandika Taisto,
kiti kile cha dirishani, miwani kwenye paji.
Alihitaji mistari ya kujazia faili,
mfukoni akakuta alichotumwa na mkewe.
Iunde. Iandike. Isome. Linganisha. Ifute:
uhai wa kupepesa jicho,
mgeni asiyepata hata wasaa wa kuvua viatu.

Ila amri ya kufuta aliiweka mwisho kabisa,
kama mtu anayengoja karamu iishe ndipo aage;
na ulinganisho ukikataa, Java haingoji kuaga,
hutokea dirishani,
faili ikabaki ndani na taa inawaka.

Nikaihamishia penye kupitiwa daima,
jaribio lifaulu lisifaulu.
Bado kwa Pihla likagoma: kompyuta yake
haikubali kufuta kinachosomwa.
Tulitafuta hadi chakula cha mchana kikapoa.
Msomaji alifunguliwa, hakufungwa.
Mstari mmoja tu, basi.

"Na maneno haya?" akauliza Pihla. "Tuweke abc?"
Hakumkuta Taisto. Alipoajiriwa
jina lile lilikwisha kufunikwa na theluji mara mbili
kule kwenye mawe ya Intiö.
Nikamwambia, acha.

Elfu sitini na moja nikazifuta kwa amri moja.
Sikuhisi kitu. Labda kidogo.
Jaribio likawa kijani.

Sasa kila usiku saa nane, jengo likiwa tupu,
orodha inaandikwa, inasomwa hadi neno la mwisho,
inalinganishwa na ile iliyokusudiwa,
ni yenyewe,
inafutwa.

Jioni nilipita dukani.
Sina redio.
Nilinunua betri.