Magunia Mawili ya Viazi

Githaiga aliikokota hadi kwa wapima viazi,
akaipandisha kwenye mizani yenye vumbi la Molo.
Sindano ikacheza, ikatulia.
"Magunia mawili," akasema mpimaji,
"na debe la nyongeza."
Mume wangu alitabasamu hadi jioni
kama mtu aliyeambiwa mtoto amepata alama.

Mwaka mzima, nyuma ya karakana yake Viwandani,
niliiona nyumba ikizaliwa mbavu kwanza:
ekseli ya Suzuki iliyofia Gilgil,
alumini nyembamba, plaiwudi,
dirisha la basi la shule lenye mkwaruzo wa jina
ambalo mwenyewe hakulimaliza.
Nyuma, kifuniko huinuka kama boneti:
jiko, sufuria mbili, chumvi ndani ya kopo la dawa.
Ndani, godoro la inchi nne
na paa la karibu mno, ukiota unaligusa.

Majirani wa Kaptembwo hawakukosa la kusema.
"Jeneza la watu wawili."
"Banda la kuku wa kitajiri."
Ni mtoto wa Chepkoech tu aliyeuliza:
"Na yenyewe, usiku, inalala wapi?"

Swali lilikuwa hilo.

Miaka kumi na minne ya ndoa,
na kule Maragoli mume wangu hajawahi kuona asubuhi.
Mkwe halali ua mmoja na mama mkwe.
Kuku huchinjwa, chai hunywewa,
kisha tunaaga, tunateremka Nyang'ori gizani
kutafuta gesti Kisumu,
mbu wetu, redio ya chumba cha pili.
Mama hubaki langoni na taa,
akihesabu magari yasiyo yetu.

Safari hii Probox ilipanda Nyang'ori
bila kukohoa. Nilitazama kiooni:
inatufuata, kama mbuzi aliyezoea kamba.

Tuliisimamisha nje ya ua,
kwenye njia ya wote,
kati ya jiwe kubwa na migomba ya Vugutsa.
Hatukuingia kwa mtu. Hatukulala njiani.
Mjomba Endoli akaizunguka mara tatu,
akapiga teke tairi,
akautafuta mwiko, asiuone pa kuukalisha.
"Nyumba ni mafiga matatu," akasema hatimaye.
"Hii ina magurudumu mawili."
Akaenda zake na nusu ya ugomvi wake.

Saa nane usiku, mvua ya mawe.
Bati jembamba lina mdomo mkubwa;
tulikuwa punje ndani ya kayamba.
Kisha, katikati ya kelele, ukucha mlangoni.
Mama, kajifunika gunia,
chupa ya chai kifuani:
"Nilidhani mmebebwa."

Githaiga hakungoja.
Alitokea mlango wa pili.
Alipouchonga nilimwuliza wa nini,
mbona wajiongezea kilo nne bure,
akaendelea kupiga tupa bila kunijibu.
Akaingia ndani ya Probox,
akaketi ametupa mgongo.

Mama alipanda, viatu mkononi.
Akagusa paa. Akawasha taa, akaizima, akaiwasha.
Akafungua kikabati, akanusa, akakifunga.
"Mnapikia wapi?"
"Nyuma."
"Nyuma ya nini?"
Na kwa sababu sikuwa na jibu, tulicheka,
bega kwa bega, kwenye upande wangu wa godoro.
Mto wa pili hakuugusa. Hata kwa jicho.

Ilikuwa mara ya kwanza tangu niolewe
kumwona mama saa tisa za usiku.
Ana mvi nyuma ya sikio. Sikujua.

"Ina uzito gani, Kageha?"
"Magunia mawili ya viazi."
"Basi, hata mimi ningeivuta."

Mawe yakawa matone.
Akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa,
ikajaa hadi ukingoni, akaninyoshea.
"Mpelekee yule wa garini.
Usimwambie imetoka kwa nani."