Chuma

Nilidhani macho yananidanganya:
mtini, Attercliffe, mwisho wa Septemba,
umeegemea ukuta wa kiwanda ambacho hakipo,
majani mapana kama kiganja
cha askari anayesimamisha magari.
Natoka zamu ya usiku, ghala la vifurushi
pale yalipokuwa matanuri,
kiuno kinauma, nusu mkate mfukoni.
Nikauuliza mti: wewe, nani kakuleta?

Akajibu Enid Shirtcliffe, jirani yangu ukuta kwa ukuta,
miaka themanini na minne, mkavu wa maneno,
anayewalisha paka wa mtaa mzima na kuwatukana wote.
"Mavi," akasema. "Mavi na moto."

Basi nikaelezwa. Mji ulikula tini zilizokaushwa,
mbegu zikapita zilikopita, zikaishia mtoni;
na viwanda viliunywa mto wa Don kupozea chuma,
vikautema vuguvugu, kama chai iliyosahauliwa mezani.
Mbegu zikahisi joto. Zikadhani zimefika kwao.

Zikadhani. Neno hilo lilinikaa kooni
mpaka mlangoni, nikitafuta funguo.

Enid alianza kazi na miaka kumi na mitano,
kung'arisha vijiko: kitambaa chekundu kichwani,
magazeti ya jana kiunoni badala ya aproni,
jioni uso mweusi, meno tu na matusi.
Mumewe alikuwa kwenye nyundo kubwa,
ile iliyotikisa vikombe kabatini usiku kucha.
Watoto walilelewa na mshindo ule.
"Ilipozimwa," anasema, "mtaa wote uliamka saa nane usiku.
Tulikaa vitandani tunasikiliza. Hakuna kitu.
Ernest akavaa viatu. Akavivua."

Alikuwepo na Muqbil, wa milima ya Yemen,
aliyesali nyuma ya tanuri juu ya gunia,
akatuma bahasha za kaki kila mwezi
mpaka ikasimama nyumba ya ghorofa tatu kijijini kwao,
ambamo alilala siku kumi na moja tu.
Masikio yake yalikufa kabla yake.
Simu ikilia, aliitazama
kama tunavyotazama mvua dirishani.

Tunasema mchumia juani hula kivulini.
Hapa jua lenyewe ni la kubahatisha;
walichumia moshini. Kivuli kilikuwepo tele,
cha kula chini yake ndicho kilichofungwa,
kikakatwa vipande, kikauzwa kwa kilo.

Na lugha yangu, sijui ilijuaje,
ina neno moja: chuma, kile cha tanurini;
chuma, unyooshe mkono tawini;
chuma, utafute riziki ulikoambiwa ipo.
Nilimfafanulia Enid. Akasema lugha yenu ina ubahili.

Leo benki yenye simba wa mawe inauza mabeseni ya kuogea.
Baa imekuwa duka la matairi. Tramu inapita nusu tupu.
Kwenye lango la zamani wamebandika picha
ya watu wembamba wanakunywa kahawa
kando ya mto usio na rangi ya mto,
na kwenye shina la mtini mtu wa manispaa
kapuliza namba kwa rangi ya chungwa: 46.
Hatujui ni namba ya kulindwa au ya kukatwa.
Enid alipiga simu, akaambiwa asubiri,
akasubiri, na kinanda, dakika arobaini.

Jumamosi akanijia na ngazi na ndoo.
Tini za huku haziivi. Hubaki kijani, ngumu kama kokwa;
atazichemsha na sukari mpaka zisalimu amri.
Akaishika ngazi kwa vidole vyake vilivyopinda,
vilivyong'arisha meza za watu asiowajua,
akaniinulia uso, nikiwa nimezama majanini,
akajaribu neno langu kwa ulimi wa huku:
"Choma," akasema. "Choma basi, baridi inaingia."

Sikumsahihisha. Hakuwa amekosea sana.